Mgeni Aliyekataa Kuinama

Ningeapa, lakini sisi tumekatazwa kuapa. Kwa hiyo chukueni ndiyo yangu iwe ndiyo, na mkiona ni uongo basi nendeni zenu salama, mimi sitakimbizana na mtu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, jua halijazama, hapa Konde, Pemba, kwenye barabara inayokwenda msitu wa Ngezi. Sikuwa nimelala na sikuwa na homa. Kuna watu wanapenda kusema sisi Wakristo wa bara tukifika Pemba tunaanza kuona majini kwa sababu ya kusikiliza hadithi nyingi. Waambieni mimi nimekaa huku mpaka nimesahau bei za sokoni kwetu, nimepita makaburini jioni na ndoo kichwani nikiimba, na sijawahi kuona hata kivuli cha kunishtua. Mpaka siku hiyo.

Kwetu ni Dodoma, mimi ni Mgogo. Mume wangu ni askari, na kazi yake ndiyo iliyotuleta kisiwani. Wakristo huku ni wa kuhesabika. Tunasali sebuleni kwa mwinjilisti wetu, tukijitandaza tunajaza mikeka miwili, basi. Tukipaza sauti Jumapili, watoto wa mtaani wanajazana dirishani, na kesho yake unawasikia wanaimba mapambio yetu kwenye bomba la maji, mama zao wanawafokea huku wanacheka. Hatujawahi kugombana na mtu.

Jirani yangu ni Bi Time, mwanamke mtu mzima, Mpemba wa Wapemba, mguu mmoja umemvimba siku zote, na mdomo wake hauna breki. Nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, Rehema, ni yeye aliyekaa na mimi chumbani. Rehema alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, meno ya mbele yameng'oka, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Homa ilimchukua upesi sana, na mpaka leo hakuna aliyeniambia ilikuwa homa gani. Tulimzika Wete. Baada ya hapo watu walianza kuniita Mama Yona, kwa jina la mdogo wake, wakidhani wananipunguzia uchungu. Bi Time peke yake ndiye aliyeendelea kuniita Mama Rehema. Nilimpenda kwa hilo, sitaki hata kujaribu kueleza kiasi gani.

Sasa, msimu ule wa karafuu, kanisani kwetu tulishikwa na habari za siku za mwisho. Ilianza kwenye simu, mahubiri yanatumwa huku na huku, kila mtu anamsikilizisha mwenzake. Vita, matetemeko, mafuriko, yote yametajwa tangu zamani, yote tunayaona. Mwinjilisti wetu, kijana mpole asiyejua kumdanganya mtu, akatuambia tukae mkao wa safari. Nasi tukakaa. Mzee Lazaro, mgane aliyekuwa mlinzi kabla ya kustaafu, aligawa kuku wake wote kwa majirani, akisema kuku hawana unyakuo, hawatapaa kumlaki Bwana. Tulicheka, lakini siku ya pili mama mwingine naye akagawa masufuria. Msituone wajinga. Wengi wetu tulikuwa na mtu tuliyemzika, na mtu uliyemzika anakufanya uitamani sana hiyo siku.

Mimi nilianza kulala na viatu. Ndiyo, cheka tu, mume wangu alilalamika kwamba namkanyaga usiku. Mchana nilishinda nimekaa kizingitini kwangu, kitenge safi, nywele zimesukwa. Niliacha hata kwenda kwa Bi Time jioni kuchambua karafuu na wanawake wenzangu, na hizo zilikuwa saa zangu za kucheka. Akiniuliza kulikoni, namwambia nina maombi. Mkiniuliza nilikuwa namngoja nani, nitawajibu nilikuwa namngoja Bwana. Mkinibana zaidi, nitasema nilikuwa namngoja Rehema.

Kabla sijaendelea, mjue jambo moja la huku. Karafuu zikishachambuliwa zinaanikwa juani, kwenye majamvi, uani, barazani, kandokando ya barabara, popote penye jua. Zikinyeshewa zimeharibika, zinafanya ukungu, kazi ya msimu mzima inakwenda na maji. Basi mvua ikitishia, hakuna cha karafuu za fulani. Aliye karibu anaanua. Mliogombana mnaanua pamoja, mgeni anayepita njia anaweka mzigo wake chini anaanua, hata yule ambaye jana mlimsengenya anakuja anashika pembe ya jamvi. Hakuna anayekufundisha hilo ukihamia, unaona watu wanakimbia na wewe unajikuta unakimbia.

Siku hiyo kulikuwa na harusi Gando. Mchana gari lilikuja kuwachukua watu wa mtaa, wanawake wamejipamba, wanaume na kanzu zao, na Yona wangu akapakiwa katikati ya watoto wa jirani. Mume wangu alikuwa zamu Wete. Karafuu za mtaa mzima zilikuwa zimetandazwa pembeni ya barabara, na Bi Time aliachwa azilinde, maana kwa mguu ule kupanda gari ni adhabu. Mimi nami nilialikwa, nikakataa. Sikutaka Bwana anikute harusini.

Alasiri ilikuwa imepita, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ngezi, mimi nipo kizingitini. Nikamwona kijana amesimama barabarani ananiangalia. Mtanashati, shati jeupe limenyooshwa pasi, suruali nyeusi, viatu vinang'aa. Barabara yetu ina vumbi jekundu ambalo halimwachi mtu, lakini viatu vyake havikuwa na vumbi. Niliona, niamini, niliona, halafu akili ikapita juu yake.

Akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa," akasema, kwa lafudhi ileile ya kijijini kwetu. Nani wa kunisalimu hivyo Konde? Kabla sijajibu akaniita jina langu la utotoni, ambalo mama yangu alikuwa akiniita tukiwa wawili tu jikoni. Mume wangu halijui jina hilo. Nilisimama kwa furaha, si kwa woga. Niliamini papo hapo kwamba huyu ametumwa.

Akaniambia kwa utaratibu, sauti nzuri kabisa: "Bwana amefika. Yuko Ngezi. Rehema yuko naye, anauliza mbona mama yake anachelewa."

Ungefanya nini wewe? Nakuuliza, maana wapo walionisikia wakasema wao wangekemea, wangefanya hivi na vile. Waliosema hivyo wengi hawajazika mtoto. Mimi niliuliza swali moja tu, amevaa nini. Akasema amevaa gauni la njano lenye mfuko mbele, na anaziba mdomo kwa kiganja kwa ajili ya meno yake. Gauni lile ndilo nililomzikia. Sikufunga hata mlango.

Tulitembea yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Akanipa sharti moja: nisigeuke na nisisimame kwa ajili ya kitu chochote cha dunia, kwa sababu mlango hauko wazi muda mrefu. Sikusikia uzito wa mwili wangu. Kichwani nilikuwa nampanga Rehema, nitamwambia nini kwanza, nitamwonyesha picha ya Yona au nitamwacha aulize mwenyewe. Nilicheka peke yangu njiani, nikilia hapo hapo. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kusikia furaha ya namna hiyo, na nasema kweli, hata kwa kujua ninachokijua leo, ile furaha bado naikumbuka kwa uchungu.

Nyumba ya Bi Time, yenye majamvi ya mtaa kandoni, ilikuwa mbele yetu, upande wa kulia. Tulipoikaribia, upepo ukageuka, na matone ya kwanza yakaniangukia begani. Mvua ya huku haina hodi. Bi Time akatoka mlangoni anachechemea, kanga imemfunguka, akashika jamvi la kwanza kuliburuta. Halikwenda. Jamvi lililojaa karafuu linataka watu wawili, au mmoja mwenye miguu mizima. Akavuta tena, mguu ukamkataa, akaenda chini kwa magoti. Hapo hapo chini akaanza kuzoa kwa mikono, anaita barabarani kusiko na mtu, "Nvua jamani, nvua," kwa kile Kipemba chake.

Halafu akaniona. "Mama Rehema," akasema, "nvua."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuniuliza ninakwenda wapi, hakuniomba. Mimi miguu ikasimama yenyewe.

Yule kijana hakugeuka. Akasema, "Twende. Hivyo vyote vitaungua tu." Nami, mjue, sikuwa namjaribu. Nilikuwa bado namwamini kabisa. Nilimwambia kwa heshima kama ninavyomwambia mtu wa kwetu kanisani, kaka yangu, tumwanulie kwanza bibi huyu, tukishika wawili ni kazi ndogo, halafu tutakimbia tufidie, naye Bwana si mkali kiasi hicho. Niliona ni ombi la kawaida kabisa. Hapa Konde hata mwizi ungemwomba hivyo na angeshika pembe.

Ndipo akanigeukia, akatabasamu, akasema:

"Mimi siinami."

Nilimwangalia. Mvua ilikuwa imeanza kunipiga usoni, kitenge kimeloa kifuani, na shati lake lilikuwa kavu, mikunjo ya pasi inaonekana. Lakini si shati lililonishtua. Ni lile neno. Kwa sababu Bwana ninayemngoja mimi aliinama. Usiku ule kabla hawajamkamata alijifunga taulo, akainama akawaosha rafiki zake miguu, miguu ya watu waliotembea vumbini, na mmoja wao alikuwa ameshamuuza. Nimefundishwa hilo tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Sasa mtu atoke kwake, aje na shati jeupe, amkute bibi yuko magotini mvuani, aseme yeye haiinamii kazi hiyo? Nikajua sijui huyu ni nani, ila najua alikotoka siko ninakotaka kwenda.

Ningependa kuwaambia nilimkemea kwa nguvu akatoweka. Hapana. Nilichofanya ni kurudi nyuma kidogo, na hapo ndipo nilipomsikia Rehema.

Sauti ilitokea upande wa msitu. "Mama." Mara ya kwanza kwa upole, kama alivyokuwa akiniita akiamka usingizini. Halafu akaita tena, na ya pili ilikuwa na kilio ndani yake. "Mama, mbona huji?" Niwaambie nini? Ilikuwa sauti yake. Mama hakosei sauti ya mtoto wake. Kijana alikuwa amesimama tu pembeni, mikono nyuma, ananiangalia kwa subira, hana haraka tena.

Bi Time naye alikuwa chini, anazoa karafuu na tope pamoja.

Niliinama. Nilishika pembe ya jamvi, nikaikunja juu ya pembe ya pili, karafuu zikajikusanya katikati, nikaliburuta mpaka barazani. Nikarudi la pili. Sauti inaita. Nikarudi la tatu. Inaita kwa nguvu, inalia sasa, inasema mama naogopa, mama usiniache tena. Lile neno "tena" liliniingia hapa. Nililia kwa sauti, makamasi yananitoka, mvua inanipiga, na mikono haikuacha kuvuta. Bi Time akapata nguvu, akawa anasukuma kwa nyuma huku anaburuta mguu. Sikumbuki yalikuwa majamvi mangapi. Nakumbuka tu kwamba kila nilipoinuka nilitaka kukimbilia msituni, na kila nilipoinama nilipata nafuu kidogo, basi nikawa naogopa kuinuka.

Lilipoingia la mwisho, sauti ilikatika. Nilitazama barabarani. Hakukuwa na mtu. Pale aliposimama palikuwa pakavu, vumbi lipo, mvua inapiga kulia na kushoto mpaka vijito vinatembea, na pale pamebaki pakavu, eneo la mtu aliyesimama miguu pamoja. Palikaa hivyo kitambo, halafu maji yakapafunika.

Tulikaa barazani tumelowa, kati ya marundo ya karafuu. Nilijiambia nimechanganyikiwa, uchungu umenipanda kichwani. Ndipo Bi Time akaniuliza, "Yule ntoto alokuwa akilia kule, ni wa nani?"

Yule kijana, Bi Time hakumwona. Anasema aliniona mimi peke yangu, natembea katikati ya barabara naongea na hewa, macho yamenitoka, na ndiyo maana aliniita, apate kunizindua. Lakini mtoto, huyo alimsikia. Nilimweleza yote. Halafu akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake iliyolowa, ikawa kazi bure.

"Nasi twamngoja Nabii Issa ashuke, mwanangu," akasema. "Lakini akishuka yule, ulimwengu mzima utajua. Hatakuja kunnong'oneza ntu mmoja ende Ngezi."

Kwetu pia ndivyo tulivyoonywa, na Bwana mwenyewe: wakisema yuko kule, msitoke. Nilikuwa nalijua andiko hilo. Siku ile halikunijia hata kidogo mpaka Bi Time, asiyesoma kitabu changu, aliposema maneno yanayofanana nalo.

Watu walirudi kutoka Gando wamelowa, Yona amelala begani kwa jirani. Wakakuta karafuu ziko ndani, wakashukuru kwa namna ya huku, kwa kunitania kwamba leo Mgogo kawa Mpemba. Nilicheka. Sikuwaambia kitu.

Asubuhi ndipo tulipoambiwa Mzee Lazaro haonekani. Walimpata Ngezi, ndani kabisa, amekaa chini amevaa suti yake ya kanisani, anaangalia mbele. Yu hai mpaka leo, anakula ukimlisha, anatembea ukimshika mkono. Hasemi. Mzee yule aliyekuwa hamalizi ibada bila kuchekesha watu. Mimi sina haja ya kuuliza nani alimwita na kwa sauti ya nani, marehemu mkewe alikuwa akipendwa na kila mtu. Nampelekea uji, na siku nisipoweza, majirani zake wa Kiislamu wanampelekea, wale wale aliowagawia kuku. Nikimlisha huwa najiuliza kama mbele yake kulitokea mtu yeyote mwenye shida njiani, au barabara yake ilikuwa tupu. Maana mimi sikuwa na imani kumzidi. Nilipata tu bibi aliyeanguka.

Niliposimulia kanisani, wengine walinikasirikia, wakasema ni shetani alinizuia nisiende kumlaki Bwana. Mwinjilisti wetu alilia. Baadaye akasema turudi kwenye kazi zetu, na tangu hapo mvua ikitishia utamwona amekunja suruali anaburuta majamvi na wenzake, na watoto wanamcheka kwa sababu hajui kukunja pembe.

Mimi nami sikutoka salama. Tangu jioni ile sisikii harufu ya karafuu. Samaki nasikia, sabuni nasikia, mafuta ya taa nasikia, lakini karafuu, hapana. Nimekwenda hospitali wakaniangalia, hawakuona kitu. Nakaa Pemba msimu umepamba moto, mgeni anashuka bandarini anasema lo, kisiwa chote kinanukia, na mimi naona kama watu wananidanganya. Na mvua ya jioni ikianzia upande wa Ngezi, bado namsikia. Ninajua siye. Rehema wangu yuko mahali pema na hana hofu, na iko siku nitamwona, hilo siliachi. Lakini kujua ni kujua, na sikio la mama halisikii ushauri.

Bado namngoja Bwana. Viatu navua nikilala.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, na hasa wewe mwenye mtu kaburini, shika hili. Atakayekuja kukuambia amefika, yuko mahali fulani, twende upesi, atakuja na jina lako la utotoni na gauni ulilomzikia mwanao, na hutaweza kuziba masikio, usijidanganye. Usibishane naye maandiko, anaweza kuwa anayajua kukuzidi. Mwombe tu akusaidie kumwinua aliyeanguka hapo njiani. Akikataa kuinama, inama wewe, ushike kazi, na kama ni kulia, lia huku unafanya, wala usiinue kichwa mpaka anyamaze.